YULE WA "HAPA KWETU BADO SAA KUMI" AMENIMALIZA

Wana Lushi, watu wangu wa Lubumbashi, leo sisalimii mtu. Nimefika nyumbani Katuba sasa hivi, viatu viko miguuni, bukari (ugali) imepoa, naandika nimesimama.

Mnamjua. Hata usipofanya kazi kwetu unamjua, yule bosi wetu wa Kinshasa mwenye sauti ya kutangaza msiba. Leo Ijumaa, saa kumi na moja kamili, nimefunga daftari, begi liko begani, mguu mmoja uko kwenye ngazi. MMOJA. Simu inalia. Mdogo wa depo, adabu zimemzidi, anafungua sauti watu saba wasikie: "Unaenda wapi? Hapa kwetu bado saa kumi."

Hapa kwetu!

Papa, mimi niko hapo kwenu? Jua linatufikia sisi kwanza, saa yetu iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, nilikosea wapi? Kufungua tunafungua kwa saa ya Lushi, saa mbili asubuhi, sababu wateja ni wa Lushi. Kufunga tunafunga kwa saa ya Kinshasa. Asubuhi ni ya kwetu, jioni ni ya kwake, na ile saa moja ya katikati halipi mtu. Saa nilizompa kwa mwaka zingejenga nyumba, zikaipaka rangi, zikahamia zenyewe.

Nikamwambia kwa heshima, bosi, huku imeshafika kumi na moja. Akasema: "Basi rudisha saa yako nyuma."

Mguu mmoja kwenye ngazi, wana Lushi. Na mimi nikaurudisha! Hicho ndicho kinaniua. Si yeye aliyeurudisha, ni mimi, watu saba wanaangalia, mdogo wa depo anachekea puani. Nimetoka saa kumi na mbili, mwezi wa saba, giza linaingia na baridi ya kukata masikio. Mke wangu ananiuliza nilikuwa wapi, namwambia nilikuwa kwenye saa ya Kinshasa. Sasa nina kesi ya pili nyumbani.

Bukari_Moto: Yaya, kaka yangu, mguu ulirudi wenyewe ao ulisukumwa? 😂😂

Sheria_Ni_Sheria: Tupige hesabu. Saa mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni ni saa kumi. Toa moja ya kula, zinabaki tisa. Tisa mara siku tano ni 45, na sheria ya kazi inasema 45 kwa juma. Hujaibiwa kitu.

Mguu_Mmoja (mwenye uzi): Saa gani ya kula? Nakula mkate mkono huu, simu yake iko mkono huu. Na Jumamosi mpaka saa sita umeitupa wapi?

Sheria_Ni_Sheria: Jumamosi hukuitaja.

Bukari_Moto: Kumbe ameshabadilisha na jina 😂 Mguu_Mmoja!

Mwalimu_Ruashi: Mnalia zimezidi, mimi nalia hazipo. Nalipwa kwa saa, shule ya binafsi, wamenipa saa sita kwa juma. Sita! Niliomba kumi na nane, wakasema ningoje mwenzangu astaafu. Mwenzangu ana miaka 34 na kila asubuhi anakimbia mbio.

Zamu_wa_Golf: Mwalimu, chukua zangu. Naingia kumi na mbili jioni, natoka kumi na mbili asubuhi, lakini wa kunipokea anafika saa mbili, eti mvua ilimzuia. Mvua! Mwezi wa saba!

Mguu_Mmoja: Poleni, lakini turudi kwenye ngazi. "Rudisha saa yako nyuma." Mtu mzima anaambiwa hivyo?

Niko_Gombe: Mimi niko Kinshasa, bosi wangu ndiye wa Lushi. Saa mbili zenu ananipigia, kwangu saa moja, sabuni iko machoni. "Bado umelala?" Niko uchi, ananiomba faili ya Excel. Nani amenifungulia uzi mimi?

Bukari_Moto: Huyo bosi wa Lushi tumpe pole, anaamka mapema 😂

Fundi_Vyuma_Kenya: Mimi niko Kenya, mtaa wa hapa Lushi, si nchi. Nyie mna bosi mmoja. Bosi wangu ni umeme. Mchana kutwa haupo, nimekaa na milango ya watu nusu nusu. Unarudi saa saba usiku, basi saa saba usiku nachomelea.

Mama_Mikate: Ngoja kwanza. Fundi, wewe ndiye wa nyuma ya duka la simu, geti la bluu?

Fundi_Vyuma_Kenya: Mama, yambo sana.

Mama_Mikate: Usiniambie yambo! Mimi naamka saa tisa kukanda unga. Usingizi wangu wote ni saa nne, na juzi saa mbili kati ya hizo ulizila wewe na ile mashine yako. Mtoto alidhani ni vita.

Fundi_Vyuma_Kenya: Mama, lile geti ni la mchungaji, alilitaka kabla ya Jumapili.

Zamu_wa_Golf: Mchungaji anayeuza maji? Mimi ananidai.

Mguu_Mmoja: Jamani, uzi ni wangu.

Bukari_Moto: Tulia yaya, hapa kwetu bado saa kumi. Mama Mikate, umeshafika kwenye geti?

Mama_Mikate: Navaa viatu.