Peptidi za ngozi: kipi ni kipodozi na kipi ni dawa?

Mwenye saluni, Sinza

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina saluni ndogo ya urembo hapa Sinza, Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni akina mama waliovuka miaka arobaini, wanaotaka kupunguza mikunjo ya uso bila kurudia mkorogo uliowaharibu wakiwa wasichana. Wiki iliyopita alinijia kijana anayeuza vipodozi kwa jumla, akaniwekea mezani bidhaa mbili, zote akiziita peptidi. Ya kwanza ni seramu ya buluu ya kupaka usiku. Ya pili ni vichupa kumi vya kioo vilivyozibwa kwa mpira na kifuniko cha bati, na ndani ya kila kimoja mna unga kidogo wa buluu uliogandia chini kama mabaki ya sabuni.

Alisema unga huo huchanganywa na maji maalumu, kisha mteja hudungwa chini ya ngozi, au hupitishiwa kwanza kile kigurudumu chenye visindano na kumiminiwa mchanganyiko juu yake. Kwenye lebo kuna maneno ya Kiingereza ambayo binti yangu alinisomea kuwa ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Nilipomuuliza kijana, alicheka, akasema hayo huandikwa kukwepa usumbufu, kwamba cheti cha maabara kinaonyesha usafi wa asilimia 99, na kwamba bidhaa zote zimesajiliwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Je, sheria inaniruhusu kuzitumia, na je, ni salama? Sipendi kupoteza wateja, lakini pia sipendi kuja kulala mahabusu.

Mfamasia, Morogoro

Dada, umefanya vyema kuuliza kabla hujafungua kichupa. Nianze na hilo la TFDA, maana hapo ndipo imani yangu kwa huyo kijana ilipokwisha. Tangu Julai 2019 hakuna tena taasisi yenye jina hilo: usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, na dawa zikabaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Anayekuambia leo kuwa bidhaa mpya imesajiliwa TFDA ama hajui anachouza, ama anatumaini kuwa wewe hujui.

Mgawanyo huo ndio unaojibu swali lako. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi za amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, basi. Hata glutathione ya zile sindano za kung'arisha ngozi ni peptidi ya asidi tatu, na insulini nayo huingizwa katika ukoo huohuo. Kwa hiyo jina peke yake halihalalishi wala haliharamishi kitu. Kinachoangaliwa ni namna bidhaa inavyoingia mwilini na kile inachodai kufanya. Kinachopakwa juu ya ngozi ili kuitunza au kuipamba ni kipodozi, nacho ni cha TBS. Kinachodungwa, au kinachodaiwa kutibu na kubadili utendaji wa mwili, ni dawa, nacho kiko chini ya TMDA na Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, inayotaka kisajiliwe kabla ya kuuzwa.

Seramu basi inaweza kuwa halali, mradi muuzaji akuonyeshe usajili wake wa TBS, na chupa iwe na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vichupa havina mlango wa kupitia. Kama ni dawa, havijasajiliwa. Kama ni vya utafiti, uso wa mteja wako si maabara. Maandishi hayo ya lebo humkinga aliyetengeneza kule mbali, na mzigo wote humwangukia aliyeshika bomba la sindano.

Fundi wa maabara, Mombasa

Naomba niongezee kuhusu hiyo asilimia 99, kwa sababu huku Kenya pia inawapoteza wengi. Kipimo kinachotoa namba hiyo hutenganisha mchanganyiko na kuonyesha ni sehemu gani ya vilivyomo ni peptidi iliyokusudiwa na sehemu gani ni peptidi zilizoharibika wakati wa kutengenezwa. Hakisemi lolote kuhusu vijidudu. Hakisemi lolote kuhusu endotoksini, yaani mabaki ya kuta za bakteria ambayo hubaki hata bakteria wenyewe wakishakufa, na ambayo yakiingia kwenye damu huleta homa, baridi kali na kushuka kwa shinikizo la damu. Maji ya kuchemka hayayaondoi. Vyombo vya kioo huokwa kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa ndipo viaminike, na unga wenyewe ukiuoka hivyo utakuwa umeuchoma. Tena, cheti chenyewe mara nyingi ni picha tu kwenye simu, na hakuna anayehakikisha kuwa namba ya toleo iliyomo ndiyo iliyo kwenye kichupa.

Mfano upo. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya unga wa glutathione uliokusudiwa kwa virutubisho vya kumeza kutumika kutengeneza sindano; wagonjwa 7 walipata matatizo, yakiwemo kichefuchefu, kutapika na maumivu ya mwili. Unga ulikuwa glutathione kweli, lakini haukuwa wa kiwango cha sindano.

Kwetu dawa husimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu chini ya Sura 244, na ukienda na vichupa kama hivyo jibu litakuwa lilelile ulilopewa na mfamasia.

Mama wa Tanga

Mimi si mtaalamu, ila naweza kusema kilichonipata. Mwaka juzi nilipitishiwa kigurudumu hicho kwenye saluni moja ambayo siitaji, nikamiminiwa dawa ya kichupa. Siku ya tatu mashavu yalivimba na kutoa usaha kwenye mistari ileile kigurudumu kilikopita. Uvimbe ulikwisha kwa dawa za hospitali, lakini madoa meusi yalikaa karibu mwaka mzima, yamejipanga safu kwa safu kama matundu ya chujio. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba ngozi nyeusi ikijeruhiwa huacha madoa kwa urahisi, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: kigurudumu kile kilitumiwa kwa nani kabla yangu? Nilirudi kupima virusi vya UKIMWI na homa ya ini mara mbili. Nashukuru majibu yalikuwa mazuri, lakini usingizi wa miezi ile sitaki kuukumbuka.

Mwenye saluni, Sinza

Pole sana, Mama. Nawashukuru wote. Nina maswali mawili yaliyobaki. Nikimwita daktari aje kudunga hapa saluni, mambo yatakuwa sawa? Na hiyo seramu, hata kama ni halali, inafanya kazi?

Mfamasia, Morogoro

La kwanza ni jepesi: leseni ya daktari haisajili dawa.

La pili lataka uvumilivu. Rangi ya buluu inaonyesha kuwa huenda ni GHK-Cu, peptidi iliyobeba shaba, ambayo Loren Pickart aliitambua katika damu ya binadamu mwaka 1973. Ngozi ya juu huzuia molekuli kubwa, na kikomo kinachotajwa sana ni dalton 500 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli). GHK ina takriban 340, kwa hiyo kwa ukubwa ingepita, ila hupenda maji wakati tabaka la juu la ngozi limejaa mafuta. Argireline, peptidi ile inayotangazwa kama mbadala wa sindano za kulegeza misuli ya uso, inakaribia 890, juu ya kikomo hicho. Majaribio yaliyoonyesha mikunjo kupungua yapo, lakini mengi ni ya watu wachache na baadhi yamelipiwa na wauzaji. Nikiulizwa na dada yangu, ningemwambia seramu nzuri humpa ngozi laini na mabadiliko madogo baada ya miezi, na kwamba mafuta ya kukinga jua ya kila asubuhi yatamfaa zaidi kwa fedha hizohizo.

Mwenye saluni, Sinza

Nimeelewa. Vichupa vinane nimemrudishia leo. Alikasirika kidogo, akasema atavipeleka Kinondoni. Viwili aliniachia kama zawadi siku ile na bado viko kwenye friji, karibu na maziwa ya watoto. Nivimwage?

Mfamasia, Morogoro

Usivimwage kwenye sinki. Vitoe kwenye friji usiku huu, uvifunge kwenye mfuko na uandike juu yake, kisha uvipeleke ofisi ya kanda ya TMDA pamoja na picha ya lebo. Na ukiwa na namba ya simu ya huyo kijana, ipeleke pia, kwa ajili ya hao wa Kinondoni.