Talaka imetoka, na HELB (mkopo wa serikali wa elimu ya juu) ya mke ilikuwa ikilipwa na mume: ni deni la nani?

BintiLangoni
Asalaam aleikum. Naulizia jamaa wa hapa Amu (Lamu). Mke ni mwalimu, alisoma kwa mkopo wa HELB kabla ya kuolewa. Alipokuwa hajaajiriwa, mume alimlipia 3,000 kila mwezi kwa miezi 24, kwa M-Pesa. Sasa ametoa talaka na anataka 72,000 zake. Mahari, 50,000, hajayalipa. Tena mke alichukua mkopo wa sacco kwa jina lake ukalipa karo ya diploma ya mume. Wanakwenda kwa kadhi. Nani alipe nini?

Mkunguni
Wa aleikum salaam dada. Kuna anayedaiwa na HELB, na kuna anayedaiwa na mwenziwe. Usiyachanganye.

HELB inamjua mwenye nambari ya kitambulisho iliyokopa, basi. Hakuna hukumu itakayoandika jina la mume mahali pake. Kwa hiyo mke asiache kulipa ati kesi iko mahakamani: riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na anayeacha kulipa hutozwa 5,000 kila mwezi. Faini hiyo ndiyo huwamaliza watu, si mkopo wenyewe. Na kama mume alitia sahihi ya udhamini, talaka haimtoi.

Kaskazi_Malindi
Lakini Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 10, inasema madeni ni nusu kwa nusu.

Mkunguni
Si yote, bwana. Yanayogawanywa sawa ni yale yaliyochukuliwa ndoa ikiwepo, tena kwa faida ya ndoa. HELB ya kabla ya ndoa haimo. Na kifungu cha 3 kinamruhusu Mwislamu kufuata sharia katika mali ya ndoa, ambako kila mtu ana dhima yake.

MwanaFikihi
Hizo 72,000 zina swali moja: mke alimwomba alipe, au mume alilipa kwa hiari yake? Kwa madhehebu ya Shafi, aliyelipa deni la mwenziwe bila idhini hana la kurudishiwa. Aliyelipa kwa idhini ya mdaiwa anaweza kudai, hata kama hawakutamka “utanirudishia”; hiyo ndiyo kauli yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo ujumbe wa “nilipie HELB mwezi huu” una uzito kuliko stetimenti ya M-Pesa, ambayo yaonyesha tu kwamba pesa zilitoka. Kama alizituma kwenye simu ya mke na mke akalipa mwenyewe, tunaingia kwenye hiba (zawadi) au karadha (mkopo), na hiba ikishapokewa mume hairudii.

Karo nayo ni kanuni hiyo hiyo, imegeuka upande. Sacco itaendelea kumkata mke, lakini akiwa na risiti yenye nambari ya usajili ya mume chuoni, na ujumbe wa mume akiomba alipiwe, ana dai lake. Watu huleta stetimenti ya sacco peke yake. Hiyo yathibitisha kukopa, haithibitishi pesa zilikwenda wapi.

Mahari hayana mjadala, ni deni. Nafaqa (matunzo) ya eda ya talaka rejea pia. Yakithibiti ya pande zote, yaweza kukatana: mume akithibitisha 72,000 na mke asithibitishe karo, baada ya kutoa mahari mke atalipa 22,000. Mume asipothibitisha, yeye ndiye mwenye kutoa 50,000.

Mkunguni
Nyongeza. Katiba, ibara ya 170, yampa kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Wakili wa upande mmoja aweza kupinga, akisema mkopo ni dai la kawaida, si la kadhi. Hapo iko Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi 1,000,000.

BintiLangoni
Na wakisuluhishana nje?

MwanaFikihi
Wasiandike “mume atalipa HELB”. Mwalimu akishaajiriwa hukatwa kwenye pesilipu kabla hajaona mshahara, na HELB si mhusika wa masuluhu hayo. Waandike kiasi, tarehe, nambari ya simu ya mke ya kupokelea, na kwamba akiruka mwezi mmoja salio lote ladaiwa mara moja. Mashahidi wawili, kisha ipelekwe kwa kadhi iwe amri. Karatasi ya nyumbani haikazwi na mahakama kama amri.

Tena aangalie mume asiigeuze talaka kuwa khului, yaani talaka ya kujikomboa mke. Katika khului mke hutoa fidia, na 72,000 zaweza kuzamishwa humo bila kuthibitishwa. Akiletewa karatasi, aulize fidia hiyo ni ya nini, shilingi kwa shilingi, kabla ya kutia sahihi.