Kisima kinanuka petroli, bomba la mafuta liko karibu: nianzie wapi?

Mama Mwende
Habari zenu jamani. Nakaa Ukambani, bomba limepita hatua kama mia mbili kutoka shamba langu. Kisima chetu ni cha kuchimbwa kwa mkono. Wiki tatu zilizopita mbuzi walikataa maji. Kuvuta ndoo, nikaona juu utando unaong'aa kama shingo ya njiwa, na harufu ikanishika mikononi, sabuni haiitoi. Sukuma wiki nilizomwagilia zimekauka kingo. Juzi walikuja vijana wawili wa kampuni, wakachungulia, wakasema eti ni mafuta ya bodaboda. Wakaniachia fomu: nitie sahihi nipate maji ya tangi mwezi mmoja. Sijatia. Nifanye nini?

Msaidizi wa Sheria
Pole sana Mama. Usitie sahihi chochote kabla wakili hajakisoma. Mara nyingi fomu ya namna hiyo ina mstari mmoja wa kukuondolea haki ya kudai baadaye. Leo hii nenda polisi uandikishe, uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Kisha andika barua kwa ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila hata kuthibitisha kwamba umeumia. Lakini ukidai fidia ya hasara, sheria inakupa miaka 3 tu. Watu wa Thange, Kibwezi, bomba lilivuja 2015, hukumu wakaipata 2025: zaidi ya shilingi bilioni 3 kwa watu zaidi ya 3,000. Miaka 10! Kwa hiyo kila karatasi itunze.

Wa Maabara
Naongeza la sampuli, maana hapa ndipo wengi hupotezea kesi. Msichote na chupa ya soda. Ombeni chupa za kioo maabara, mjaze mpaka pomoni pasibaki hewa, mfunge, mweke kwenye barafu, mpeleke siku hiyo hiyo. Benzini, sumu iliyomo ndani ya petroli, hupaa, ukiacha nafasi juu, inatoroka na majibu yanatoka "safi". Kiwango cha juu cha benzini kwenye maji ya kunywa, kwa Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 kwa lita, basi. Chota mbele ya chifu, piga picha, andika tarehe na saa. Na Mama, tafadhali usiyachemshe hayo maji: huo mvuke utauvuta wewe jikoni. Watoto wasiende kuchota mafuta, hata kibaba. Sinai, Nairobi, 2011, watu zaidi ya 100 waliungua wakafa kwa moto wa mafuta yaliyovuja.

Mama Mwende
Asanteni wanangu. OB ninayo tangu saa nne. Chifu anakuja kesho asubuhi. Jirani wa bondeni amenipigia sasa hivi, chake nacho kimeanza kunuka. Chupa yake nitaiandika namba 2.