Riba ya fleti 2% kwa mwezi: 50.7% kwa mwaka inatoka wapi?

Kijana_wa_Malimbe
Wakuu, habari za jioni. Nina zoezi la hesabu za fedha, mwaka wa kwanza. Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba amekopa 3,000,000 kwa miezi 12, riba ya fleti 2% kwa mwezi, rejesho la kwanza siku 30 baada ya kupokea pesa. Tutafute riba halisi ya mwaka. Mimi nimepata 24%, mwenzangu 26.82%, jibu la mwalimu ni 50.7%. Tumekosea wapi?

Salio_Linalopungua
Mkuu, wote mmeanzia pabaya. Hiyo 2% haitozwi kwenye deni lililobaki. Inatozwa kwenye ile 3,000,000 nzima hadi mwezi wa mwisho, hata mkopaji akiwa amebakiza laki tatu. Mwenzako kaipandisha kwa kipeo cha 12, yaani kakuza namba ambayo haikuwa riba ya deni tangu mwanzo.

Anza na rejesho. Riba yote ni 3,000,000 × 0.02 × 12 = 720,000. Jumla 3,720,000, gawa kwa 12, unapata 310,000 kila mwezi. Sasa sahau kabisa neno fleti. Mtu kapokea 3,000,000 leo, analipa 310,000 mara 12. Ni riba gani ya mwezi, i, inayofanya thamani ya sasa ya malipo hayo (yaani malipo ya baadaye yakigeuzwa kuwa pesa ya leo) iwe 3,000,000?

(1 − (1+i)^−12) ÷ i = 3,000,000 ÷ 310,000 = 9.6774

Hapa i haitoki kwa kuhamisha namba upande huu na ule, lazima ujaribu. Pa kuanzia: 2% × 24 ÷ 13 (24 ni miezi 12 mara mbili, 13 ni miezi 12 jumlisha 1), karibu 3.7%. Makadirio haya huzidi kidogo, kwa hiyo shuka. Kwa 3.4% upande wa kushoto unatoa 9.7204, kwa 3.5% unatoa 9.6633. Jibu liko katikati, kama robo tatu ya njia kutoka 3.4%: 3.475%. Wengi hugeuza mwelekeo hapa. Kumbuka riba ikipanda, thamani ya sasa inashuka.

Kisha 1.03475^12 − 1 = 50.7%. Usikatishe desimali mapema, maana kipeo cha 12 hukuza kila kosa.

Kwa kulinganisha, mkopo huohuo kwa 2% ya salio linalopungua, yaani deni lililobaki, una rejesho la 283,679. Mwezi wa kwanza riba ni 60,000, deni linapungua kwa 223,679; mwezi wa pili riba imeshashuka hadi 55,526. Kwa mwaka, fleti inamgharimu 315,852 zaidi.

Kijana_wa_Malimbe
Asante sana mkuu, sasa nimeelewa. Ila Ekseli inanipa 4.18% kwa mwezi, siyo 3.475%.

Mama_Hesabu
Mwanangu, umeweka 1 kwenye nafasi ya tano ya RATE, ile fomula ya Ekseli ya kutafuta riba. Hiyo 1 ina maana rejesho la kwanza linalipwa siku ileile ya kukopa. Andika =RATE(12,-310000,3000000), basi. Alama ya kutoa usiiache: pesa inayoingia na inayotoka zikiwa na alama moja, utaletewa #NUM!. Lakini 4.18% usiidharau. Mkopeshaji akikata rejesho la kwanza papo hapo, hiyo ndiyo riba sahihi.

Na makato nayo? Tuseme ada na bima vimekula 90,000 kabla pesa haijatoka. Mkononi imefika 2,910,000, rejesho ni lilelile 310,000. Gawanya: 9.3871, na i inayotoa namba hiyo ni karibu kabisa na 4% kwa mwezi, yaani takriban 60% kwa mwaka. Maswali ya mtihani hupenda kuficha makato haya kwenye sentensi ya mwisho.

Salio_Linalopungua
Naongezea moja. Fomula hiyo inataka malipo sawa kwa vipindi sawa. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa na giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi kali kipato hukatika. Swali likisema marejesho yanarukwa siku hizo, fomula iweke pembeni: rudisha kila rejesho kwenye thamani ya leo kwa idadi ya siku zake, jumlisha, halafu ndipo uanze kujaribu i.