Je, mtu asiyesajiliwa anaruhusiwa kujiita mhandisi?

Mjenzi wa Shangani: Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi na ndugu zangu tunajenga nyumba ya wageni ya ghorofa moja huku Shangani, Mtwara mjini, kwa fedha za korosho tulizochanga. Kijana anayetuchorea na kutusimamia ana shahada ya uhandisi ujenzi, na kadi yake ya biashara imeandikwa "Eng." mbele ya jina. Hata hivyo, kwenye michoro sehemu ya muhuri iko tupu, na kuna saini ya kalamu ya bluu peke yake. Nilipomwomba namba ya usajili, alinijibu kwamba shahada ndiyo inayomfanya mtu kuwa mhandisi, na kwamba usajili ni wa wanaotafuta zabuni za Serikali. Je, kisheria yuko sahihi?

Wakili wa Lindi: Hayuko sahihi. Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Sura ya 63, iliyotungwa mwaka 1997 na kurekebishwa mwaka 2007, inamzuia asiyesajiliwa kufanya kazi za kihandisi, na pia inamzuia kutumia cheo kitakachowafanya watu waamini kwamba amesajiliwa. Nyumba ya mtu binafsi haikuachwa nje. Shahada inampa sifa ya kuomba usajili wa mhandisi mhitimu, ambaye bado hufanya kazi chini ya uangalizi, na baada ya uzoefu usiopungua miaka mitatu ndipo anaweza kuomba kuwa mhandisi mtaalamu. Huna haja ya kubishana naye, kwa kuwa majina ya waliosajiliwa yanapatikana kwenye tovuti ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Fundi sanifu, Masasi: Naongeza kwa upande wa sisi wenye stashahada. Kuanzia Newala hadi Tandahimba, kila anayeonekana amevaa kofia ngumu huitwa injinia, nami huitwa hivyo hata ninapopanga makalavati. Kuitwa na watu si kosa langu, ila nikichapisha kadi nitakuwa nimejitangaza mwenyewe. Mafundi sanifu tunalo daraja letu katika usajili wa Bodi, na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, anaruhusiwa kufunga nyaya kwa kiwango cha leseni yake, lakini leseni hiyo haimfanyi kuwa mhandisi.

Kilichonishtua mimi ni Shangani kuliko kadi. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na zege linalofunika nondo likiwa jembamba, chumvi na unyevu hupenya, nondo hushika kutu na kuvimba, kisha zege hupasuka kutoka ndani. Nenda leo ukaangalie nguzo kabla hazijamwagwa: kama nondo zimegusana na mbao, yaani hakuna vipande vya zege vya kuzitenga, simamisha kazi kwanza, cheo mtakijadili baadaye.

Mdau wa Chuno: Kwa maoni yangu tunawabana vijana kupita kiasi. Kule Oregon, Marekani, Mats Järlström, mwenye shahada ya uhandisi wa umeme kutoka Sweden, alitozwa faini ya dola 500 na bodi ya jimbo kwa sababu alijiita mhandisi alipokuwa akikosoa hesabu za muda wa taa ya njano barabarani. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2018 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba ana haki ya kujiita mhandisi. Kwa nini hapa shahada isitoshe?

Wakili wa Lindi: Ndugu Mdau, uamuzi ule ulitokana na uhuru wa kusema unaolindwa na Katiba ya Marekani, na Järlström alikuwa raia anayeikosoa Serikali, hakuwa akiuza michoro kwa mteja. Hata baada ya hukumu, kazi ya kihandisi inayotakiwa kuwa na leseni kule Oregon iliendelea kuhitaji leseni. Binafsi naona mahakama ile ilitenda haki, lakini haimsaidii kijana wa Shangani, ambaye anapokea malipo kwa kupanga nguzo zitakazobeba watu waliolala.

Mjenzi wa Shangani: Nawashukuru. Jina lake nimelitafuta na halimo. Sasa anasema atampata mhandisi aliyesajiliwa ili amgongee muhuri kwenye michoro hiyo hiyo. Je, hilo litatosha?

Wakili wa Lindi: Litatosha endapo mhandisi huyo atakagua hesabu mwenyewe, ataomba taarifa za udongo, atafika eneo la ujenzi na kubeba dhamana ya usanifu. Akigonga muhuri kwa kulipwa tu bila kukagua, amekiuka maadili ya taaluma na anaweza kuchukuliwa hatua na Bodi. Taka mkataba uandikwe kati yenu na yeye moja kwa moja, wala usipitie kwa kijana, na nguzo zisimwagwe kabla hajaziona.