Mrejesho: mteja anayejibu "niko sawa" tu

Wadau, niliuliza nifanyeje na mteja wa ushauri nasaha anayesema "niko sawa" kila tukikutana, huku hali yake haibadiliki. Mkanielekeza kwenye fomu fupi za wanasaikolojia Scott Miller na Barry Duncan: mistari minne ya sentimita 10 kuhusu hali yake mwanzoni mwa kikao, minne kuhusu kikao chenyewe mwishoni.

Nimezitumia. Kwenye fomu ya kikao, mstari wa malengo aliuwekea alama ya chini kabisa. Kumuuliza, akafunguka (ameniruhusu kulisema): tunazungumzia msiba, yeye usingizi unakatishwa na madeni! Sasa tunaanzia hapo. Alama za hali yake zinapanda, ingawa hazijafika 25 kati ya 40, mpaka unaotumika kwa watu wazima kutenganisha walio kwenye dhiki na wengine. Anayetoa 40 zote kwenye fomu ya kikao mara ya kwanza tu, mdadisini kwa upole. Wengi hujaza kwa heshima tu. Asanteni sana.