Koka spanieli katika nyumba yenye watoto hapa Iringa: je, upole wake unaaminika?

Mama wa Gangilonga

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaishi Gangilonga, Iringa mjini, pamoja na mume wangu, watoto wetu wawili wanaosoma shule ya msingi, na mama mkwe ambaye miguu yake haina tena nguvu. Watoto wamekuwa wakiomba mbwa kwa muda mrefu, na sasa jirani zetu wanaohamia Dar es Salaam wametuahidi mtoto jike wa koka spanieli, mwenye rangi moja ya dhahabu, ambaye mbwa wao amemzaa. Mama wa mbwa huyo tumemwona, naye anapompokea mgeni hutikisa mkia mpaka kiuno chote kinayumba.

Kinachonitatiza ni kwamba maelezo ninayoyapata hayapatani. Wapo wanaosema hakuna mbwa anayewafaa watoto kuliko huyu, na kwamba ndiyo sababu Wazungu walimpenda kwa miaka mingi. Ndugu yetu mmoja, kwa upande wake, anasisitiza kwamba mbwa hawa hubadilika ghafla wakauma bila sababu, hasa wenye rangi hiyo ya dhahabu. Naomba wanaowafahamu wanieleze tabia yao halisi, na kama baridi yetu ya Juni na Julai pamoja na mvua za huku vinawafaa. Mume wangu naye angependa mbwa huyo alinde nyumba usiku.

Daktari wa Mifugo, Uyole

Dada wa Gangilonga, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kumchukua. Nitajibu kwa kirefu, kwa kuwa sifa na lawama ulizozisikia zote zina chanzo chake, na anayekijua chanzo hicho huamua vizuri zaidi.

Koka spanieli alikuzwa Uingereza kwa kazi ya kuwafurusha ndege vichakani ili mwindaji awapige, kisha kuwaokota na kuwaleta bila kuwararua. Kazi hiyo haikutaka mbwa mkali. Ilitaka mbwa mdogo, mchangamfu, asiyeogopa miiba, anayemtazama bwana wake kila mara ili ajue anatakiwa kufanya nini, na huko ndiko ulikotoka upole wake. Chama cha mbwa cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1873, kilimtambua kuwa mbegu, yaani aina ya mbwa, inayojitegemea mwanzoni mwa miaka ya 1890. Waliopelekwa Marekani waliendelea kuchaguliwa kwa umbo dogo na manyoya mengi zaidi, hata mwaka 1946 chama cha mbwa cha huko kikawaandikisha wa Kiingereza na wa Kimarekani kuwa mbegu mbili mbalimbali. Wa Kiingereza hufikia kimo cha sentimita 38 hadi 41 begani na uzito wa kilo 13 hadi 14 na nusu, ilhali wa Kimarekani ni mfupi kidogo, ana kichwa cha mviringo, pua fupi na manyoya yanayokaribia kufagia chini. Waulize jirani zako wao wanaye yupi, maana wa Kimarekani atakudai kazi kubwa zaidi ya kuchana na kunyoa.

Umaarufu wake ni wa kweli kabisa. Huko Marekani aliongoza kwa kuandikishwa kuliko mbegu nyingine zote kuanzia mwaka 1936 hadi 1952, kisha akarudi kileleni katika miaka ya 1980. Katika maonyesho ya mbwa ya Crufts huko Uingereza, koka ndiye aliyetwaa taji kuu mara nyingi kuliko mbegu nyingine yoyote. Mwaka 1952 Richard Nixon, wakati huo akigombea umakamu wa rais na akituhumiwa kuhusu fedha za wafadhili wake, aliwaambia watazamaji wa televisheni kwamba ipo zawadi moja ambayo hatairudisha, yaani mbwa aitwaye Checkers waliyepewa binti zake, na mbwa huyo alikuwa koka.

Umaarufu huo ndio uliomponza. Mbwa akitafutwa na kila mtu, hujitokeza watu wanaozalisha kwa ajili ya soko tu, wakampandisha jike yeyote kwa dume yeyote bila kuangalia kama wazazi ni waoga, wakali au wagonjwa wa macho. Kutokana na uzalishaji wa namna hiyo walipatikana koka wengi wenye wasiwasi, wanaokojoa wakiguswa na wanaong'ata kwa hofu, na sifa ya mbegu nzima ikachafuka. Kwa hiyo mimi sikuambii kwamba koka ni mpole, wala sikuambii kwamba ni mkali. Nakuambia umtazame mama yake, na ikiwezekana baba yake pia, kwa sababu woga hurithiwa.

Sasa hilo la kubadilika ghafla. Uingereza wamelijadili kwa miongo kadhaa, na utafiti uliofanywa huko katika miaka ya 1990 kwa kuwauliza wenye mbwa ulionyesha kwamba koka wa rangi moja, hasa wa dhahabu, waliripotiwa kuwa na ukali zaidi kuliko wale wa rangi mchanganyiko. Ndugu yenu hakulitunga jambo hili. Hata hivyo hali ya mbwa kuvamia bila sababu yoyote ni nadra sana, na sehemu kubwa ya ukali unaoitwa hivyo huwa na sababu ambayo watu wa nyumbani hawakuiona. Mara nyingi mbwa huwa analinda kitu, kama mfupa, kiatu alichokiiba au sehemu yake ya kulala, au huwa ana maumivu.

Maumivu ya koka kwa kawaida huanzia sikioni. Sikio lake ni refu, zito, lina manyoya ndani na nje, nalo hufunika tundu muda wote kiasi kwamba hewa haipiti na unyevu hautoki. Fangasi na bakteria hustawi humo, na katika maeneo yenye mvua nyingi kama Rungwe na Mufindi tatizo hilo huzidi. Ukiliinua sikio lililoanza kuugua utakuta nta ya kahawia iliyoganda kwenye mikunjo, ngozi nyekundu yenye joto, na harufu ya kuchacha inayokufikia kabla hujainama. Mbwa huyu anaendelea kutikisa mkia kama kawaida, kwa sababu ndivyo alivyo. Mtoto anakuja kwa mapenzi, anamkumbatia kichwa, analibana sikio hilo, na mbwa anang'ata. Nyumba nzima itasema amegeuka ghafla, kumbe ameumwa kwa wiki nzima bila mtu kulifunua sikio lake.

Jambo moja linalotuhusu sisi Tanzania kuliko hao wa Uingereza: mbwa yeyote, wa mbegu yoyote, akibadilika tabia ghafla, fikirieni kwanza kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Mfugaji wa Mafinga

Naunga mkono maelezo ya Daktari, na kwa kuwa nimefuga koka kwa miaka mingi hapa Mafinga, nitaeleza upande wa matunzo ya kila siku, ambao ndio unaowachosha wengi.

Baridi yenyewe si tatizo, mradi alale ndani na akaushwe akinyeshewa. Tatizo ni desturi yetu ya kumfungia mbwa bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku. Mbwa wa Kiswahili huvumilia maisha hayo, lakini koka huharibika. Hubweka bila kukoma, hujilamba miguu mpaka vidonda, na baada ya miezi michache anakuwa yule mbwa mwenye wasiwasi aliyeelezwa hapo juu. Mbwa huyu anataka kuwa ulipo wewe. Ukienda jikoni atakufuata, ukikaa barazani atalala juu ya miguu yako, na ikiwa nyumba yenu huwa tupu kuanzia asubuhi hadi jioni, basi nakushauri usimchukue. Kwa bahati nzuri kwenu yupo bibi anayeshinda nyumbani.

Manyoya yanataka kuchanwa kila baada ya siku moja au mbili kwa brashi na chanuo la chuma, hasa nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja. Mvua zikiisha, kishona nguo hukomaa kwenye kila kiwanja, na koka akipita humo mara moja tu hurudi na vijiti vyake vyeusi vimejisokota kwenye pindo za masikio mpaka manyoya yanakuwa fundo moja gumu. Usivute. Legeza kwanza kwa vidole, tia mafuta kidogo ya kula, halafu chana, na fundo likishindikana kata kwa mkasi wenye ncha butu huku kidole chako kikiwa kati ya mkasi na ngozi. Mbegu nyingine za majani huingia ndani kabisa ya sikio, na hapo hakuna ujanja wa nyumbani, ni kwa daktari. Mimi huwanyoa wangu chini ya masikio na kwenye nyayo kila baada ya wiki sita hivi, nao hupata nafuu kubwa.

Kupe wanahitaji macho makali, kwa kuwa manyoya huwaficha. Pitisha vidole kila jioni shingoni, ndani ya masikio na katikati ya vidole vya miguu, na utumie dawa ya matone ya mgongoni kwa ratiba utakayopewa na daktari. Mbwa akipoteza hamu ya kula na ufizi wake ukawa mweupe, usisubiri, kwani magonjwa yanayoletwa na kupe huua.

Chakula hakina mengi. Ugali wa dona pekee na mabaki havimtoshi, ongeza dagaa waliooshwa ili chumvi itoke, nyama au mayai ya kuchemsha, na usimpe chakula chenye kitunguu wala chokoleti. Koka ana tamaa ya kula na hunenepa upesi, hivyo waambie watoto waache kumlisha mezani.

Mzee wa Tukuyu

Binti yangu, wenzangu wameeleza vizuri, ila lile la ulinzi wamelipita. Koka atabweka mtu akifika getini, na kubweka huko kuna faida yake, lakini akishaingia atamlaki kama alivyowalaki ninyi. Mwambie mume wako ukweli huo mapema, ili asije akaanza kumchokoza mbwa au kumfunga mnyororo akitaraji atakuwa mkali. Kumkazania mbwa wa namna hii awe mkali ni kumfundisha kuogopa watu, na mbwa mwoga ni hatari kwa watoto kuliko mbwa mkali anayejiamini. Kama shida yenu kubwa ni usalama wa usiku, tafuteni mbwa wa Kiswahili aliyelelewa vizuri, aliyechanjwa. Wengi wana akili, wanastahimili magonjwa yetu na gharama yao ni ndogo. Ninaamini mbwa wetu tunawadharau bure.

Mama wa Gangilonga

Shikamoo Mzee, na asanteni sana Daktari na ndugu wa Mafinga. Ulinzi tutaupanga kwa njia nyingine, mume wangu amekubali baada ya kusoma maelezo haya. Nimebakiwa na maswali mawili. Jirani zetu wanataka kutukabidhi mtoto huyo wiki ijayo, atakapokuwa na umri wa wiki sita, kwa sababu ya safari yao. Je, umri huo unatosha? Pili, mama mkwe hutembea kwa fimbo, nami nahofia mbwa mchangamfu asije akamwangusha.

Daktari wa Mifugo, Uyole

Wiki sita ni mapema mno, Dada. Watoto wa mbwa wanapocheza na mama yao na ndugu zao ndipo wanapojifunza kupunguza nguvu ya meno, kwa sababu akimuuma mwenzake kwa nguvu mchezo hukoma hapo hapo. Anayeondolewa mapema hulikosa somo hilo, na watakaolilipia ni watoto wako. Waombe wamwache na mama yake mpaka afikishe angalau wiki nane, au wewe uwapokee kwa muda mama na mtoto wote wawili, kisha mama asafirishwe baadaye. Najua ni usumbufu, lakini kwa nyumba yenye watoto ningelisimamia jambo hili bila kulegea.

Akishafika kwenu, kipindi cha hadi wiki 12 au 14 ndicho kitakachojenga tabia yake. Azoee sauti ya pikipiki, wageni, watoto wa jirani, na kuguswa kila mahali. Kila siku mmoja wenu ayainue masikio yake, amshike miguu, amfungue kinywa, kisha ampe kipande kidogo cha nyama, ili siku atakapougua aone kuguswa sikio kuwa jambo la kawaida. Watoto wafundishwe mapema kwamba mbwa anayekula na mbwa aliyelala hasogelewi, na kwamba akiwa na kitu mdomoni hanyang'anywi, bali hubadilishiwa kwa kitu kingine kizuri zaidi.

Kuhusu Bibi, mfundisheni mbwa tangu mdogo kukaa chini kabla ya kusalimiwa na mtu yeyote, kila mara, bila kuwaachia wageni waivunje kanuni hiyo. Koka hujifunza upesi kwa sifa na chakula, lakini akikemewa kwa ukali hunywea akaacha kujifunza kabisa. Kwa miezi ya kwanza atenganishwe na Bibi anaponyanyuka kutembea, kwa kuwa hatari kubwa kwa mtu wa fimbo ni mtoto wa mbwa anayepita katikati ya miguu.

Chanjo za awali za magonjwa ya mbwa zianze akiwa na wiki sita hadi nane na zirudiwe kila baada ya wiki tatu au nne kwa ratiba ya daktari wako, na ya kichaa cha mbwa apewe akifikisha miezi mitatu, kisha irudiwe kila mwaka. Siku hiyo ya kwanza mwombe daktari amchunguze macho pia, na uwaulize jirani zako kama mama yake au bibi yake aliwahi kupofuka, maana katika mbegu hii upofu wa kurithi upo. Kukiwa na shaka yoyote ambayo haimaliziki Iringa, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro itawasaidia.